Karanga pori na fikasi ya ukutani: uzoefu wangu baada ya masika mawili

Nyumbani kwetu Tegeta, Dar es Salaam, kuna mwembe mkubwa ambao chini yake ukoka haukuwahi kushika, kwa kuwa nyasi hizo zinahitaji jua la kutosha, na kila mvua iliponyesha tope lilirukia barazani. Machi 2023, masika yakikaribia, nilinunua kwenye kitalu cha pembeni mwa barabara viriba 60 vya karanga pori (Arachis pintoi) na viriba 4 vya fikasi ya kutambaa ukutani (Ficus pumila).

Karanga pori nilizipanda kwa nafasi ya sentimita 30, baada ya kuchanganya udongo na samadi iliyooza. Miezi miwili ya kwanza nilikaribia kukata tamaa, kwani mashina yalitambaa huku na huko bila kufunika chochote, na magugu yaliyoota katikati ilinibidi niyang'olee kwa mkono kila wiki. Vuli ilipofika, udongo haukuonekana tena na tope likakoma, kwa sababu kila pingili inayogusa ardhi hutoa mizizi na kuushikilia udongo. Mbolea ya dukani sijatia hata mara moja. Mmea huu ni wa jamii ya mikunde, na bakteria wa mizizini huupatia naitrojeni kutoka hewani. Kila jani lina vijani vinne, ambavyo giza likiingia hukunjana, na maua yake ya njano yanafanana mno na ya karanga za shambani, kiasi kwamba mama mkwe ameshauliza mara mbili tutavuna lini. Sehemu iliyo nje ya kivuli ilipauka wakati wa kiangazi, lakini ilichipua tena bila kupandwa upya.

Lawama yangu ni kwa muuzaji. Viriba 11 vilikuwa na vipande vilivyochomekwa siku chache tu kabla, na vyote vilinyauka kabla ya wiki kwisha. Nilipochana kimoja sikukuta mzizi hata mmoja. Siku hizi kabla ya kulipa huvuta shina taratibu, na likichomoka, kiriba hicho nakirudisha.

Fikasi nayo hubaki kijani mwaka mzima, ila hakuna aliyenieleza jinsi inavyong'ang'ania. Nilipojaribu kubandua shina moja kwenye ukuta wa mbele, vimizizi vyake, vimejipanga kama miguu ya tandu, viliondoka na rangi pamoja na vipande vya lipu. Isitoshe, ikishafika juu ya ukuta hutoa matawi magumu yenye majani makubwa yanayochomoza nje, hivyo mkasi haupumziki. Ukuta wa nyuma, ambao ni wa tofali za saruji zisizopigwa lipu, nimeiachia wote. Ya mbele nimeing'oa, na fundi rangi anakuja Jumamosi.