Kadi ya biashara au ukurasa wa Instagram: mchoraji anayeanza Bagamoyo aanze na kipi?

Kufungua ukurasa ni bure, ila bando halikwepeki. Kadi unazilipia mara moja, zikiisha unarudi kwa mchapaji.

Kinachowaponza wengi kwenye kadi ni rangi. Buluu ya bahari inayong'aa kwenye simu hutoka imefifia, kwa kuwa skrini huchanganya mwanga na mashine huchanganya wino. Omba nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa 100, karatasi iwe nene, ya gramu 300. Picha usiitume WhatsApp kama picha, itabanwa na kutoka na ukungu. Itume kama dokumenti.

Mgeni anayetoka Caravan Serai, jengo la kihistoria la misafara, na kadi yako mfukoni hahitaji mtandao kukukumbuka. Lakini ukibadilisha namba, kadi zote ni takataka, wakati wasifu wa Instagram (herufi 150 tu, usizimalize kwa emoji) unarekebishwa dakika moja. Akaunti nayo hudukuliwa: washa uthibitishaji wa hatua mbili.

Unauza mkono kwa mkono, au wakati wa tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo? Anza na kadi. Wateja wako Dar au ng'ambo? Ukurasa kwanza. Ukiwa na vyote, weka msimbo wa QR unaofungua ukurasa wako nyuma ya kadi, isipungue sentimita 2, uijaribu kwa simu kabla ya kuchapa.