Tahadhari: masta silinda za breki kuukuu zinazouzwa kama mpya

Wakuu, anayetafuta masta silinda ya breki (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli), iwe Kariakoo, Gerezani au duka la mtaani kwake, asome hapa kabla hajatoa hela. Kuna masta kuukuu zinazooshwa kwa petroli, zikasuguliwa kwa msasa tundu la ndani pistoni inamopita, zikatiwa raba mpya, zikapuliziwa rangi ya fedha na kuingizwa kwenye boksi jipya. Bei ni ya kitu kipya. Taa ya nyuma ikiwa feki utapoteza hela tu. Hii ikifeli, pedeli inafika chini na gari halisimami.

Mwanzoni huwezi kujua. Raba mpya hushika hata kwenye tundu bovu, kwa hiyo siku ya kufungwa breki zinakuwa ngumu vizuri na unaondoka umeridhika. Ubovu uko kwenye ukuta wa tundu. Masta nyingi za magari madogo ya Toyota zina bodi ya aluminiamu, na ndani kuna tabaka gumu la kinga lililowekwa kiwandani. Msasa unaling'oa. Likishatoka, unyevu uliomo kwenye mafuta ya breki unakula aluminiamu, vinatokea vijishimo, na vijishimo vinakwangua raba kila unapokanyaga. Mafuta yanaanza kupita pembeni ya raba badala ya kusukumwa kwenye paipu. Hapo ndipo pedeli inapozama taratibu ukiwa umesimama kwenye foleni.

Ukiwa dukani, usiangalie boksi, angalia chuma. Mulika tochi kwenye matundu ya paipu: masta mpya huja na viziba vya plastiki, nyuzi safi (mistari ya kukazia nati), na kalio la paipu (pale ncha ya paipu inapokaa) lisilo na alama. Ukikuta rangi ndani ya nyuzi, au kalio limebonyea duara, hiyo imeshafungwa paipu. Geuza utazame matundu mawili ya kufungia kwenye busta, yaani kifaa kinachoongezea mguu nguvu ya breki. Nati huacha mviringo uliokandamizwa ambao rangi haiufichi. Angalia pete ya kufungia pistoni kwa nyuma, kama ina mikwaruzo ya koleo. Kikopo cha mafuta ya breki chenye umanjano kimeshakaa na mafuta miaka. Aluminiamu mpya haihitaji rangi, kwa hiyo bodi inayong'aa kama sufuria iliyopakwa rangi ikutie shaka papo hapo.

Namba ya spea nayo ilingane. Kwa Toyota, masta kamili huanza na 47201, na seti ya raba (kit) huanza na 04493. Kisha soma kipimo cha tundu, ambacho mara nyingi kimechorwa kwenye bodi: 13/16, 7/8, 15/16 au 1, vyote kwa inchi. Muuzaji atakuambia “inaingia tu”. Inaingia kweli, lakini ukitoa ya 7/8 ukaweka ya inchi 1, presha inayofika kwenye magurudumu inapungua karibu robo kwa nguvu ileile ya mguu. Pedeli inakuwa ngumu, dereva anafurahi, na gari linachelewa kusimama.

Kuna na utapeli wa pili, wa kuuziwa masta wakati yako ni nzima. Fundi anakwambia kanyaga pedeli, anawasha injini, pedeli inashuka kidogo, anasema “unaona, masta imekufa”. Huo ndio mshuko unaotakiwa. Unaonyesha busta inafanya kazi. Pedeli isiposhuka, hata baada ya kuikanyaga mara kadhaa injini ikiwa imezimwa kabla ya kuwasha, ndipo kuna tatizo la busta au paipu yake ya upepo.

Kipimo cha kweli ni hiki. Injini ikiwa inaunguruma, kanyaga kwa nguvu ya kawaida na ushikilie dakika nzima. Ikiendelea kuzama huku hakuna mafuta yanayovuja magurudumuni wala kwenye paipu, ishuku masta. Kuthibitisha, fungua paipu kwa spana ya paipu za breki namba 10, ziba matundu kwa viziba vya M10x1, toa upepo ndani ya masta, kanyaga tena. Ikiwa ngumu na haizami, masta ni nzima. Tafuta upepo, mpira wa breki unaovimba, au breki za nyuma zisizorekebishwa. Ikizama, nunua.

Mafuta yakipungua bila kuonekana yanakovujia, legeza masta utazame mdomo wa busta. Kukiwa na majimaji, raba ya nyuma imeachia na mafuta yanaingia kwenye busta.

Siku ya kufunga, masta ijazwe na kutolewa upepo mezani kwanza, pistoni ikisukumwa polepole mpaka mapovu yaishe. Linganisha kina cha pistoni na ile ya zamani: rodi ya busta ikibana, breki zinajishika na kuchemka, ikiacha nafasi kubwa, pedeli inakuwa chini. Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, chupa ifunguliwe mbele yako. Akitaka kuongeza mafuta ya injini au ya usukani (sterlingi), mzuie kabisa, maana raba zote za mfumo zitavimba na utabadilisha masta, kalipa, silinda za magurudumu na mipira.

Lipia kwa risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya spea na neno “mpya”, si “spea” tu. Ukigundua umeuziwa iliyopakwa rangi, usikubali “tukuwekee raba nyingine”, kwa sababu tundu ni lilelile. Piga picha kalio, nyuzi na pete, hifadhi boksi, dai hela yako, na wakigoma peleka vyote Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia.