Gofu Pwani: Vipingo au Kisiwani Mombasa?

Ukiwa na siku nzima, nenda Vipingo Ridge, Kilifi. Uwanja wa Baobab una mashimo 18 yaliyotandazwa kilimani kati ya mibuyu. Hapo ndipo Esther Henseleit wa Ujerumani alipotwaa taji la Magical Kenya Ladies Open, mashindano ya gofu ya wanawake, mwaka 2019. Malazi yapo, twiga na pundamilia nao wapo.

Lakini moyo wangu uko Mombasa Golf Club, iliyoanza 1911. Mashimo ni 9 tu, ukitaka 18 unazunguka mara mbili. Kusi likivuma, mpira ulioulenga kwenye bendera huishia majini chini ya majabali. Meli ya makontena ikiingia Kilindini, inapita karibu mno hata unashusha fimbo uitazame kwanza. Mwenye asubuhi moja tu aje hapa.