Kengele za kinanda, tena hapa Lubumbashi?

Nimetoka kwenye konseti ile na hasira ambayo mpaka leo haijaisha. Afishi ilikuwa na picha ya kengele kubwa, na chini yake kwa herufi nene: "Bells for Stokowski" ya Mmarekani Michael Daugherty, toleo la bendi ya vyombo vya kupuliza. Anayeijua kazi hiyo ataelewa kwa nini nilikata tiketi ya mbele. Ilitoka mwaka 2001 kwa ajili ya okestra, kisha mwenyewe akaiandika upya kwa wapulizaji, na humo kengele ndizo zenye shughuli. Daugherty anamwaza Leopold Stokowski, aliyeongoza okestra ya Philadelphia, amesimama alfajiri mbele ya Liberty Bell, ile kengele maarufu ya uhuru ya mji huo, huku kengele za mji mzima zikivuma.

Sisi tukasikilizishwa kinanda cha umeme kinachoiga kengele. Kijana mmoja pembeni, kidole kimoja, na spika zinazokoroma. Kengele ya kwanza ilipolia, jirani yangu alipapasa mfuko akidhani ni simu yake. Mama wa nyuma yetu naye akafungua mkoba.

Liberty Bell yenyewe, karibu asilimia 70 yake ni shaba. Shaba! Na sisi tuko wapi? Malori ya mukuba, yaani hiyo hiyo shaba, yanapita hapa yakielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, vumbi tunakula sisi, halafu siku ya kengele tunaletewa plastiki. Haya, yale mabomba marefu ya kengele za konseti ni ghali, sibishi. Si wangetundika hata rimu ya lori, kama ile inayogongwa shuleni? Chuma kikigongwa, sauti inabaki kifuani hata nyundo ikishaondoka. Ya kinanda inakufa kidole kikiinuka.

Haki yao niwape. Kuna sehemu ya mtindo wa Bach, yule mtunzi wa Kijerumani wa zamani, Daugherty akikumbuka jinsi Stokowski alivyokuwa akiuvisha muziki wake sauti za okestra nzima. Hapo tuba na tromboni zilinishika. Wapulizaji ni watoto wetu wa fanfari, baadhi ala zao zimefungwa kwa mpira ili zisivujishe hewa, na walipuliza kwa roho yote. Nikaanza kusamehe. Kinanda kikaingia tena.

Mwishoni nikamfuata mwandaaji, kwa adabu kabisa: "Papa, kengele ziko wapi?"

Akanitazama kutoka viatu mpaka kichwa. "Mzee, ulilipia muziki ao ulilipia chuma?"

Mbele ya watu. Na wengine wakacheka!

Chuma, papa. Nililipia chuma, ndicho ulichokichora kwenye afishi.

Nilikaa kuandika niwaambie msiende. Sasa nikiikumbuka ile sehemu ya Bach, mkono unakataa. Wale vijana wakipiga tena nitaenda, ila tiketi ya nyuma, ya bei ndogo, na yule bwana hapati salamu yangu. Nikikiona tu kinanda jukwaani, natoka, na nitatoka kwa kelele.