Gereji ya wakala au fundi wa nje?

Gari likiwa bado lina waranti, kasoro ya kiwandani hurekebishwa bure na wakala, yaani muuzaji rasmi wa aina hiyo ya gari, kwa hiyo hapo hakuna mjadala. Vivyo hivyo kwa mambo ya kompyuta: programu ya injini, mifuko ya hewa, funguo zenye chipu. Fundi asiye na mashine inayolielewa gari lako atabahatisha, na kila kifaa anachobadilisha kwa kubahatisha unakilipia wewe.

Waranti ikiisha, mizani inageuka. Kumwaga oili, kubadilisha filta, pedi za breki na plagi ni kazi ambazo fundi mzuri wa nje anazifanya sawasawa, tena kwa wakala unalipia hadi kiyoyozi cha chumba cha kusubiri. Ila spea nunua mwenyewe, na vilivyotolewa akuoneshe.

Kazi gani basi zinastahili pesa? Mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa pistoni na valvu ndani ya injini, popote utakapobadilishia. Ukikatika, kwenye injini nyingi pistoni hugonga valvu, na hapo unazungumzia injini nzima. Maji ya breki nayo hunyonya unyevu. Magari mengi yanataka yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, na watu wengi hawayakumbuki kabisa.

Kusafisha injini kwa ndani, dawa za kuchanganya kwenye oili? Wakala na fundi wa nje, wote wawili watakuuzia. Fungua kitabu cha gari. Kama hayamo, mimi hukataa.