Mbegu za magnolia za kuagiza mtandaoni: mzigo safi, picha ndo tatizo

Kwa wenzangu wa Georgia na majirani wa Alabama mnaouliza kuhusu mbegu za magnolia, ule mti wa maua makubwa, mimi niliagiza za Magnolia macrophylla, ile ya majani makubwa mpaka unadhani mgomba, jani moja linaweza kufika sentimita 80 hivi. Magnolia grandiflora sikuhangaika nayo maana huku imejaa kila mtaa, vuli ikifika tunda linapasuka mbegu nyekundu zinaning'inia kwa kauzi kembamba, unaomba tu kwa mwenye nyumba unaokota bure.

Sasa hawa wauzaji, kwenye kufunga mzigo nawapa tano. Mbegu za magnolia zikikauka sana nyingi zinakufa, kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia kwenye bahasha kavu, pita. Hawa wametuma ndani ya kifuko cha zipuloki chenye mchanga wa unyevunyevu, ile nyama nyekundu yenye mafuta washaimenya na mbegu zimeoshwa, na hiyo ndo kazi yenyewe sababu nyama ikibaki inazuia mbegu kuota na inaalika ukungu.

Maelekezo nayo yamenyooka: friji miezi 3 hivi, droo ya mboga sio friza, halafu unaatika sehemu yenye joto. Zangu zimeota kwa kupishana sana, nyingine zilichelewa mpaka nikataka kumwaga udongo. Kopo liwe refu maana mzizi unataka kushuka, na maji usizidishe, kinyausi, ule ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche shinani, ikiingia unaamka unakuta miche imelala yote.

Ila jamani ile picha! Wameweka ua jeupe, kubwa, limefunguka, pembeni ya kopo la mche, mtu si atajua msimu ujao ananusa maua? Macrophylla ya kupanda kwa mbegu inaweza kula miaka 10 na zaidi kabla ya ua la kwanza na hawajaandika popote. Nikawauliza kwenye chati wakajibu "inategemea". Inategemea nini sasa? Mwenye haraka achukue Magnolia ashei, ndugu yake mdogo wa kule Florida, hiyo inaweza kutoa ua ikiwa bado kamti kafupi tu, miaka 4 au 5 hivi. Na wanayo, tena bei ileile, sijui kwa nini wameificha huko chini kabisa ya ukurasa.