Siku Moja Kisite: Tathmini ya Safari ya Pomboo kwa Msafiri Atokaye Nairobi

Kwa sisi tunaoishi Nairobi na kusafiri na begi moja mgongoni, inawezekana kwenda kuwatazama pomboo wa Kisite, hifadhi ya bahari iliyo kusini mwa pwani ya Kenya, na kurejea bila kulipia chumba cha hoteli, mradi mtu awe radhi kulala usiku mbili kwenye kiti cha treni. Niliifanya safari hiyo mwezi wa Februari baada ya kulipa shilingi 6,500 katika ofisi ya wakala mmoja wa utalii katikati ya jiji. Naandika tathmini hii kwa sababu huduma niliyouziwa Nairobi na ile niliyoikuta baharini zilitofautiana mno, na kila moja inastahili kupimwa peke yake.

Kuhusu treni sina mengi. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,500 kila upande, nje ya malipo ya wakala. Treni iliondoka Syokimau saa nne usiku na kutufikisha Miritini, kituo chake cha Mombasa, kabla ya saa kumi alfajiri, kisha gari la wakala likatupitisha Dongo Kundu, njia ambayo humwondolea msafiri foleni ya kivuko cha Likoni.

Kasoro zilianza Shimoni, kijiji cha pwani ambako mashua za kwenda Kisite huondokea. Risiti yangu ilisema kwamba ada ya hifadhi imelipwa, lakini maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hawakuona malipo yoyote kwa jina la kundi letu. Ilitubidi tulipe upya kwa simu, kila mmoja na kitambulisho chake mkononi, huku mtandao ukipatikana na kupotea. Tulipoteza karibu saa nzima ya asubuhi, wakati ambao bahari huwa tulivu zaidi, na hadi leo wakala huyo hajanirudishia fedha hizo. Miwani ya kupigia mbizi aliyotukabidhi nayo ilikuwa imechoka. Mkanda wa yangu ulikatika hata kabla sijagusa maji, na baharia akanipa yake.

Kutoka hapo ndipo sifa zinapoanza, na zote ni za nahodha na mabaharia wake wawili, wenyeji wa kisiwa cha Wasini. Nilipomwamkia nahodha shikamoo, aliitikia marahaba, akatusubiri sote tuvae majaketi ya kuokolea, kisha akatueleza kwa utaratibu jambo ambalo wakala hakuligusia kabisa: kwamba hatutawafukuza pomboo. Pomboo wa eneo hili huonekana mwaka mzima, na miongoni mwao huwa kuna mama wanaonyonyesha. Mashua inapowakimbilia au kuwakata njia, huacha kula na kupumzika, na mtoto anaweza kutengana na mama yake.

Tuliwakuta upande wa pili wa mlango wa bahari wa Wasini, wapatao kumi na wawili. Mashua mbili nyingine zilikuwa zikiwakimbiza kwa mashine, na kila zilipokaribia, kundi lilizama na kuibukia mbali. Nahodha wetu alisimama pembeni kabisa, akazima mashine. Abiria mmoja alipomhimiza asogee, alijibu kwa upole, "Ngoja, mwanangu. Wakitaka watakuja wenyewe." Tulingoja dakika ishirini hivi, mashua ikipelekwa na mkondo, hadi zile nyingine zilipoondoka. Kisha nikasikia pumzi kabla sijaona kitu: mpulizo mfupi, mzito, kama wa mtu anayeibuka kutoka kisimani, kisha mwingine, na wa tatu mwepesi zaidi. Mama na mtoto wake walipita chini ya ubavu wa mashua, karibu kiasi cha kuliona vizuri pezi la mgongoni la mama, ambalo lilikuwa na mikato miwili kwenye ukingo wa nyuma. Baharia alituambia kwamba watafiti huwatambua pomboo mmoja mmoja kwa alama za namna hiyo. Nakiri kwamba machozi yalinilengalenga.

Hifadhi ya Kisite ina ukubwa wa kilomita 28 za mraba na uvuvi umepigwa marufuku ndani yake, ilhali katika hifadhi jirani ya Mpunguti wavuvi wa kienyeji wanaruhusiwa. Matunda ya marufuku hiyo huonekana mara tu mtu anapotia uso majini: vitatange wawili wawili, chewa aliyejibanza chini ya jiwe, kasa mmoja akipanda taratibu kuvuta hewa, na pono, ambao nilisikia waziwazi sauti ya meno yao yakikwangua matumbawe. Siku hiyo ilikuwa ya bamvua, wakati ambao maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na yalikuwa yamekupwa sana, hivyo matumbawe yalikuwa karibu mno na matumbo yetu. Baharia aliogelea nasi muda wote akihakikisha kwamba hakuna anayekanyaga.

Bamvua hiyohiyo ilitupa shida tulipokwenda Wasini kwa chakula cha mchana. Mashua haikuweza kufika ufukoni, tukashuka na kutembea majini juu ya mawe makali, na mama mmoja aliyekuwa na viatu vya wazi alijikata kidole. Wakala angeweza kuepusha jambo hili kwa kutazama tu jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kupanga tarehe, au angalau kwa kutuonya tubebe viatu vya mpira. Chakula chenyewe kilikuwa kitamu: kaa, wali wa nazi, na mwani uliokaangwa kwa ufuta, ambao sikuwahi kuuonja Nairobi.

Nawapa mabaharia nyota tano na wakala mbili. Anayetaka kwenda asizingatie bei pekee. Aulize ada ya hifadhi italipwa lini na kwa jina la nani, maji yatakuwaje siku hiyo, na nahodha hufanya nini awaonapo pomboo. Mimi nakusudia kurudi Agosti, msimu ambao nyangumi hupita pwani yetu, na safari hii nitampigia nahodha mwenyewe.